Kisogo cha Mwantumu

Usingizi wa mchana ni mgeni asiyepiga hodi, na Sikudhani, ambaye tangu bandarini ametapika mpaka nyongo, hana nguvu za kumfukuza. Wamefika kisiwani asubuhi hii. Mwenye nyumba ya wageni, mwanamke mnene asiyejua hata neno moja la Kiswahili, amewaonyesha kwa mikono kwamba jua bado kali, walale kwanza, sanamu hazina miguu wala hazitakimbia. Angalau ndivyo alivyotafsiri Kondo, mume wa Sikudhani, fundi majokofu wa Mbagala, ambaye naye hajui lugha ya watu hawa lakini hajapata kukosa tafsiri. Yeye ndiye aliyewaleta. Kwa miaka mingi ameitazama picha ya kalenda iliyotundikwa karakanani kwake, kisiwa cha mawe katikati ya bahari isiyo na mwisho na sanamu za kale zimejipanga juu ya kilima. Mwaka wa kalenda ukapita, na mwingine ukapita, Kondo asiitundue, mpaka siku moja akasema potelea mbali, twende tukazione kabla hatujafa. Sasa yuko uani anapangusa kamera yake na kupiga mluzi. Chumbani Sikudhani amejilaza, na mbele yake amelala Mwantumu, uso ukutani, kisogo kwake. Mwantumu ni mtoto wa dada yake, marehemu Chausiku, aliyefariki mtoto akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Sikudhani ndiye aliyemlea, naye mtoto humwita mama mdogo, na ndivyo inavyotakiwa, mdogo wa mama ni mama mdogo, hapo hapana tusi. Ila ziko siku Sikudhani, ambaye hajajaaliwa kuzaa, hutamani lile neno la pili lidondoke lenyewe, kimya kimya, kama jino la utoto.

Jana melini alimsuka mtindo wa twende kilioni, mistari inayotoka usoni kwenda kisogoni, na alipofika karibu na sikio la kushoto mtoto akauliza bila kugeuka: Mama mdogo, nikikuita mama tu, mama yangu kule aliko atasikia vibaya? Mkono ukamteleza. Mstari ukapinda kama njia ya ng'ombe. Sikudhani alisema tulia, usitikisike, kana kwamba aliyetikisika ni mtoto. Alipotaka kuufumua, mtoto akashika kichwa akasema usifumue, mama mdogo, uache hivyo hivyo. Basi ukaachwa. Na sasa macho mazito ya Sikudhani yanaufuata mstari ule uliopinda, unapanda, unazunguka sikio, unashuka shingoni, na pale unaposhukia pana barabara.

Barabara ni nyeupe na haina mwisho, na Sikudhani yumo anatembea, mkono wa Mwantumu umo mkononi mwake, wa moto na una jasho kidogo, kama kawaida. Kondo yuko mbele na kamera yake begani. Haya jamani, kazeni mwendo, anasema Kondo, na wanakaza, lakini mgongo wa shati lake hausogei karibu wala hausogei mbali. Kulia na kushoto zimesimama sanamu, na Sikudhani anazitazama mara mbili, kwa sababu hizi sizo za kalenda. Zile za kalenda zina mapua marefu na midomo iliyobenuliwa kama ya mtu aliyenyimwa chai. Hizi hazina mikono, hazina uso, zina kiwiliwili cha mviringo tu na juu yake vishungi viwili vya nywele, na anazijua, amewahi kuilea moja. Ni mwana hiti, yule mtoto wa mti ambaye Wazaramo humpa mwali akiwa ndani, amwogeshe, ampake mafuta, azitengeneze nywele zake kama atakavyomfanyia mwanawe. Mbona hana uso, Sikudhani aliuliza wakati ule, na somo yake, aliyemfunda, akamwambia uso ni wa wageni; mama anayemjua mwanawe kwa uso bado hajamjua. Siku moja yule mtoto wa mti alimponyoka mikononi kwa utelezi wa mafuta, akaanguka sakafuni, kishungi kimoja kikamegeka, na kila mwali anajua kuangusha mwana hiti ni kujiangushia nini. Chausiku aliyekuwa amemletea chakula alikigandisha kishungi kwa utomvu wa mkorosho, akamnong'oneza nyamaza, hakuna aliyeona. Hakuna aliyeona kweli. Miaka ikapita bila mtoto, na Sikudhani akabaki anajua. Hapa barabarani sanamu ni kubwa kama nyumba, na kila moja ina kishungi kilichomegeka, na zote zimempa mgongo.

Wanatembea, wanatembea, na mahali barabara inapojikunja kuwa ile ile waliyotoka amesimama mtu amevaa koti la mlinzi na kofia, na chini ya kofia hapana kitu, pamelainika kama kitako cha sufuria mpya. Shikamoo, anasema Sikudhani, kwa kuwa adabu haiulizi uso. Kitendawili, anajibu yule mtu. Tega, anadakia Mwantumu upesi, maana mtoto gani huacha kitendawili kipite. Na mlinzi anamwelekea Sikudhani, anatega: Unacho tangu uzaliwe, unakibeba, unakipaka mafuta, na hujapata kukiona. Sikudhani anacheka. Hicho anakijua, hicho watoto wa chekechea wanakijua, kiko hapa hapa kwenye ncha ya ulimi, na ulimi umelala. Anafungua mdomo, kinatoka kicheko tena, safari hii hakina furaha. Basi nipe mji, anasema mlinzi, kama wasemavyo wote mtu akishindwa. Sikudhani, kwa mazoea ya utotoni, bila kufikiri, anatoa mji mdogo ambao hula chungwa tu na kupita akienda Morogoro. Nakupa Chalinze, anasema. Hapo hapo Chalinze inasimama kando ya barabara, lakini kama iliyotazamwa kwenye kioo, maandishi ya maduka yamegeuzwa, mabasi yanaingia kinyumenyume na wachuuzi wanayakimbilia kwa visigino huku wameinua machungwa. Mlinzi anaikunja kama mkeka na kuitia mfukoni mwa koti. Sikudhani anajaribu kukumbuka, ukitoka Dar unaelekea Morogoro unapita wapi, na pale katikati hapana kitu, pana shimo, na upepo wa shimo hilo anausikia kichwani.

Tusonge, Kondo anaita kutoka mbele. Wanasonga, na barabara inajikunja, na yule mtu yuko tena, koti lile lile, sufuria ile ile. Kitendawili. Tega, anasema Mwantumu, lakini sasa kwa sauti ndogo. Wenzako wote wanakiona, mwenyewe huwezi. Ni kile kile, Sikudhani anawaza, anatega kile kile, amekivika nguo nyingine tu. Na kukijua kuwa ni kile kile hakumsaidii, jibu linapiga hodi ndani ya meno yake na halitoki. Nipe mji. Sikudhani si mjinga, sasa ameshaujua mchezo. Anasema nakupa London. Mlinzi anatikisa kofia. Mji ambao hujala ndani yake si wako kuutoa, anasema. Nakupa Makka, basi. Hujafika. Nakupa Nairobi. Ulikula humo lini? Na barabara chini ya miguu inaanza kulainika kama ugali ambao haujaiva, Mwantumu anazama hadi vifundoni, anasema mama mdogo miguu yangu, na Sikudhani kwa hofu anautoa wa kwanza unaomjia. Mbagala, anasema, chukua Mbagala. Ardhi inakaza. Mbagala inasimama kandoni imegeuzwa, kilichokuwa kushoto kiko kulia, na kule mbele Kondo anakata kona, anaingia karakanani kwake kwa mlango ulio upande usio wake. Kondo, anaita Sikudhani. Kondo wangu, geuka. Mgongo wa shati unaingia na majokofu yanajifunga nyuma yake. Mlinzi anakunja, anatia mfukoni. Sikudhani analia sasa, analia waziwazi kama mtu aliyefiwa, na kinachomtisha zaidi ni kwamba analia kwa ajili ya mume na tayari hajui walikuwa wakiishi wapi.

Miji mingine imemtoka akilini, amebakiwa na mmoja, na huo hautoi. Anamshika Mwantumu kwa mikono yote miwili. Barabara inajikunja, kofia inatokea. Kitendawili, na safari hii hakuna anayesema tega, lakini mlinzi anatega vilevile: Ukiondoka, ndicho wanachobaki kukitazama. Sikudhani anafunga mdomo. Anafikiri nikinyamaza mchezo utakufa. Nipe mji, anasema mlinzi, na kwa mbali honi ya meli inalia, ile meli itakayowarudisha, ikisema kwa sauti yake nzito kwamba anayeondoka aje, anayebaki abaki. Nipe mji. Sikudhani anatikisa kichwa. Maneromango ni kwao, kule ndiko alikowekwa ndani, ndiko alikozikwa Chausiku, na akiutoa huo atakuwa ametoka wapi. Ni hapo Mwantumu anapoinua uso. Amechoka, magoti yana vumbi, na kanuni za mchezo anazijua kama mtoto yeyote: asiyejibu hutoa mji, haonewi mtu. Mimi nakupa, anasema. Nakupa Maneromango. Na kabla Sikudhani hajamziba mdomo mji umeshasimama, na mikorosho yake na harufu ya mihogo inayokaushwa, na mtoto anasema taratibu, kama anayekumbuka kitu alichokiacha jikoni: Mama yuko huku. Mkono ule wa moto wenye jasho unateleza, kama alivyoteleza yule mtoto wa mti, na Mwantumu anakimbia na gauni lake la manjano anaingia Maneromango.

Sikudhani anaingia nyuma yake, haulizi. Anaingia mji ambao makaburi yako upande wa kisima na kisima kiko upande wa makaburi, anapita watu anaowajua wakimpa migongo, anasema hodi kila nyumba na kila nyumba inamjibu karibu kwa sauti inayotoka nyuma yake. Anachokitaka ni kimoja. Kondo atajua mwenyewe, miji itajengwa mingine, lakini mtoto wa dada yake hawezi kuondoka bila yeye, atasema nini na kwa nani. Na barazani kwao amekaa Chausiku kwenye mkeka, amegeukia ukuta, anasuka. Mbele yake wamepanga mstari wasichana wengi, wote urefu mmoja, wote gauni la manjano, wote wamegeuka nyuma, mstari unapotelea mikoroshoni, unazunguka nyumba na kurudi mpaka nguzo ya baraza. Dada, anasema Sikudhani, na goti linapiga chini lenyewe, shikamoo dada, nipe mtoto. Marahaba mdogo wangu, anasema Chausiku bila kugeuka, sauti yake ni ile ile, yenye mkwaruzo wa mafua yasiyoisha. Mtoto yupi? Wote nimewasuka mimi. Angalia wako uchukue, meli inawaita.

Sikudhani anawageuza mmoja mmoja kwa mabega. Wa kwanza hana uso. Wa pili hana. Anageuza na kugeuza, sufuria, sufuria, na honi inalia tena, na anayemgusa sasa ana uso, ana uso wa Mwantumu mzimamzima, kovu la surua juu ya nyusi, pengo la jino mbele, na macho yanamtazama na kujaa machozi. Mama, anasema mtoto yule, na anamrukia shingoni. Mama, nilikuwa nakutafuta, tuondoke. Jamani, neno lile. Sikudhani amelisubiri miaka yote hiyo, amelisikia kwa watoto wa majirani likitupwa ovyo, mama nipe, mama nataka, mama ona, na hakujua kwamba likija lake litamwingia hivi hadi tumboni. Anamkumbatia. Anamkumbatia na macho yake, juu ya bega la mtoto, yanaangukia yule wa mwisho karibu na nguzo. Yule amempa kisogo. Ameshakuwa jiwe mpaka kiunoni, jiwe jeusi lenye vitundu, na kwenye kisogo chake, karibu na sikio la kushoto, mstari mmoja umepinda kama njia ya ng'ombe.

Kisogo, anasema Sikudhani kwa sauti. Ni kisogo. Jibu limetoka hatimaye, jepesi kama chafya, na hakuna wa kulipokea. Mlinzi ameshakwenda na miji mfukoni. Dada, anasema, wangu ni yule pale. Na huyu je, anauliza Chausiku, anayekuita? Mmoja ni wako na mmoja si wako, anasema Chausiku, nami sitakudanganya, siwajui, nimekaa nimegeuka siku nyingi mno. Sikudhani anaanza kuijongelea nguzo, mtoto mwenye uso amening'inia shingoni, mzito, wa moto, ana jasho kidogo. Jiwe limempanda yule wa nguzoni hadi kifuani. Ananyoosha vidole, vinaugusa ule mstari, na kidole kinaujua, mkono hausahau kosa lake, huyu ndiye. Na yule wa jiwe anasema polepole, sauti ikitoka ndani kama ya mtu aliye kisimani: Mama mdogo, usifumue. Shingoni sauti nyingine inasema mama. Mama. Mama. Sikudhani anajua kama anavyojua kila mtu wa kwao kwamba sauti usiyoijua ikikuita huitikii, unapita, hata ikilia unapita. Anajua. Lakini anaiambia nafsi yake, mara moja tu, niitikie mara moja tu nione ladha yake, kisha nitamshusha huyu nimchukue wangu. Abee, mwanangu, anasema.

Honi inalia kwa karibu sana na ni mluzi wa Kondo. Jua la alasiri liko ukutani. Sikudhani yuko kitandani, mkono wake umenyooka hewani kama anayepapasa kitu, na Mwantumu amekaa kando yake, amemwelekea, kovu la surua juu ya nyusi na pengo la jino mbele. Mama, amka, anasema mtoto. Baba anasema twende, jua limepungua. Sikudhani anamtazama. Mlangoni Kondo ameinua macho kutoka kwenye kamera yake, amesikia, na uso wake mzima unachanua kama wa mtu aliyepeleka posa ikakubaliwa. Umesikia alivyokuita, anasema Kondo. Jana usiku melini aliniuliza kama utakubali, nikamwambia jaribu, hung'atwi. Sikudhani anataka kufurahi. Mungu ni shahidi, anataka. Moyo unaruka hatua moja kwenda mbele na unasimama, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Geuka mwanangu, anasema, nikuone nywele. Mwantumu anageuka bila ubishi. Mistari imenyooka yote, kutoka usoni mpaka shingoni, karibu na sikio la kushoto pia, imenyooka kama iliyopigwa rula. Nani amekufumua? Yule mama mwenye nyumba, anasema mtoto. Ulivyolala aliniona uani, akashika hapa akacheka, akanisuka tena. Nilimwambia aache, lakini hasikii Kiswahili. Mwenye nyumba anapita dirishani na beseni la nguo, anawapungia mkono, anasema kitu kirefu kwa lugha yake. Anasema safari njema, Kondo anatafsiri. Umekasirika, mama? anauliza mtoto. Hapana, anasema Sikudhani, na anamfunga kanga kichwani, eti jua.

Wanapanda kilima, Kondo mbele na kamera begani, mgongo wa shati umelowa. Haya jamani, kazeni mwendo, anasema. Sikudhani anamshika mtoto mkono na mkono ni wa moto, una jasho kidogo, na anajiambia mikono yote ya watoto iko hivyo, na hajui kama hilo linamtuliza au linamtisha. Ukitoka Dar unaelekea Morogoro unapita wapi, anamuuliza Kondo ghafla. Kondo anacheka, anasema bahari imekulevya wewe, unapita Chalinze, utapita wapi tena. Chalinze, anarudia Sikudhani, na neno lina ladha ya kitu alichosimuliwa tu. Juu kilimani sanamu zimesimama zimetazama bahari, zimewapa migongo wanaokuja, kubwa, nyeusi, za jiwe lenye vitundu, na mwisho kabisa wa mstari, Sikudhani anaona kabla ya Kondo kunyoosha kidole, iko moja ndogo, kimo cha mtoto. Ile haimo kwenye kalenda, anasema Kondo kwa furaha, na anaharakisha kwenda kuipiga picha. Mwantumu anachomoa mkono na kumfuata mbio, kanga inamdondoka kichwani, gauni la manjano linapita katikati ya migongo ile yote, kisogo chake kinakwenda kinapungua, sasa kiko hapa, sasa kiko kule, mpaka anafika mwisho wa mstari na vimo viwili vinasimama sambamba, vyote vimempa mgongo. Upepo unavuma. Mwantumu, anaita Sikudhani kwa nguvu zake zote. Kisha anasimama pale pale kilimani, mikono imemkakamaa ubavuni, anasubiri kusikia ataitikiwa kutoka upande gani.